Siku ya Tatu Mgeni Hushika Jembe

Barua ya wazi kwa waumini wanaosema Kiswahili katika makanisa yetu mawili ya Kiepiskopali, la mtoni na la kilimani.

Nakala: Halmashauri za makanisa yote mawili, Kasisi wetu, Baba Askofu.

Mama zangu, baba zangu, ndugu na vijana,



Nawaandikia kwa Kiswahili kwa sababu neno hili linatuhusu sisi kwanza. Wajumbe wa halmashauri watapata tafsiri yake, na hakuna humu nisichoweza kukisema mbele yao. Kama mjuavyo, Januari makanisa yetu yatafanya mikutano mikuu ya mwaka, kila moja kwake. Baada ya hapo halmashauri mbili zitaketi pamoja kuamua kama mkataba wa kuhudumiwa na kasisi mmoja utaendelea, utarekebishwa au utavunjwa. Manung'uniko yapo, mmeyasikia kwenye kahawa baada ya ibada. Wa kilimani wanasema wanapewa masalio ya wiki. Wa mtoni wanasema wao ndio wanaotoa theluthi mbili ya mshahara, kwa hiyo haki yao ni theluthi mbili ya kasisi. Sisi tuliotoka Kenya, Tanzania, Kongo na Burundi tumekaa viti vya nyuma, tunakunywa kahawa yetu na kunyamaza, kana kwamba shauri hili ni la wenye nyumba.

Naomba safari hii tusinyamaze. Katika watu wote wanaoketi kwenye makanisa haya mawili, wenye uzoefu wa kuendesha kanisa ambalo kasisi hayupo kila Jumapili ni sisi.

Kwanza tuelewe mambo yalivyofika hapa, maana wengi wetu tulikuta mkataba umeshatiwa sahihi. Kanisa la Kiepiskopali, ambalo ndilo Anglikana ya Marekani, limejaa makanisa madogo. Hata kabla ya korona, karibu nusu ya makanisa yake yalikuwa yakipata watu wapatao 50 au pungufu Jumapili ya kawaida. Watu hao wachache wakitaka kasisi wa kudumu wanatakiwa walipe mshahara, nyumba, bima ya afya ambayo hapa ni mzigo mzito, na juu yake asilimia 18 ya malipo yake iende kwenye mfuko wa pensheni wa Kanisa. Ongeza mafuta ya kupasha jengo joto kutwa kucha wakati wa baridi, bima ya jengo, anayesukuma theluji mlangoni, na paa lililoezekwa na watu ambao leo wako makaburini. Wakfu waliouacha wazee umebaki kidogo, na kila mwaka unaliwa kidogo. Ndipo wa mtoni na wa kilimani wakakubaliana: kasisi mmoja, halmashauri mbili, akaunti mbili, majengo mawili.

Jumapili yetu mnaijua. Ibada ya mtoni huanza saa mbili asubuhi, ya kilimani saa nne na nusu. Wimbo wa mwisho ukiisha mtoni, kasisi anasimama mlangoni kwa dakika chache, anavua stola, anaikunja na kuitia mfukoni, kisha anaingia garini na kanzu yake mwilini, mkate wenye jibini ukiwa kwenye kiti cha pembeni. Aliyekuja na msiba moyoni, akasubiri watu wapungue ili aseme naye, anabaki anaangalia gari likipinda kwenye kona. Kilimani nako, wakati huo mama mmoja ameshawasha mishumaa na mpiga kinanda amerudia wimbo wa kwanza mara tatu, macho yote yako dirishani kuona kama barabara imefunguka.

Vitu vingine vyote tumeviweka viwili viwili. Kuna kina mama wawili wawili wa kutunza madhabahu, kila upande na kabati lake. Wa mtoni wanakunja kitambaa cha kikombe mara tatu, wa kilimani mara nne, na Pasaka tulipoabudu pamoja kazi ya kukunja upya ilifanyika kimyakimya nyuma ya pazia. Kuna madarasa mawili ya Jumapili, moja na watoto watatu, lingine na wanne. Kuna orodha mbili za wagonjwa, na mgonjwa wa kilimani hatajwi mtoni hata kama alikuwa mwalimu wa nusu ya watu wa mtoni.

Kwa hiyo tunachogawana ni kasisi peke yake. Huduma hatujaigawana. Kila jambo linamsubiri yeye: kumtembelea aliyelazwa, kufundisha Kipaimara, kufungua kikao kwa sala. Asipokuwepo, ama anatafutwa kasisi wa kuazima na analipwa, ama inasomwa Sala ya Asubuhi na nusu ya watu wanabaki nyumbani. Daftari la ibada lipo pale sakristia, kila ibada imeandikwa na idadi ya waliohudhuria. Lifungueni msome. Siku za Sala ya Asubuhi namba inashuka, na hakuna aliyeuliza kwa nini.

Mimi nilikulia milima ya Taita. Kule parishi ni makanisa kadhaa yaliyotawanyika vilimani, na kasisi ni mmoja. Jumapili aliyofika ilikuwa ya Meza ya Bwana, na watu walivaa vizuri zaidi. Jumapili nyingine zote msomaji wa kanisa ndiye aliyeongoza. Msomaji wetu alikuwa fundi cherehani. Mahubiri yake aliyaandika Jumamosi usiku nyuma ya daftari la vipimo, na akiwa amesimama kuhubiri ungeweza kuona, upande wa pili wa ukurasa, kiuno na urefu wa sketi ya mtu. Kukiwa na msiba, kina mama wa Umoja wa Mama walikwenda usiku uleule na unga na sufuria; kasisi aliarifiwa kesho yake. Mwinjilisti ndiye aliyetufundisha Kipaimara, na Askofu alipokuja kutuwekea mikono alitukuta tunajua majibu. Sikuwahi kumsikia mtu akisema leo hakuna kanisa kwa kuwa kasisi yuko kwingine.

Ninyi mliotoka Kongo mnajua zaidi. Anglikana yenu ilianzia Boga kwa Apolo Kivebulaya, aliyevuka kutoka Uganda mwaka 1896 akiwa mwalimu tu wa dini. Ushemasi aliupata mwaka 1900 na ukasisi mwaka 1903. Miaka ile ya mwanzo, waliosoma, waliofundishwa na waliopigwa kwa ajili ya imani hawakuwa na kasisi wa kukaa nao, na kanisa lilisimama.

Lakini tusipake rangi mambo ya nyumbani. Kasisi wa makanisa mengi huja amechoka, na yako makanisa yanayokaa muda mrefu bila Meza ya Bwana. Msomaji hutumikia maisha yake yote na hata nauli hapewi. Kina mama hubeba kazi, wanaume hubeba vikao. Kota, yaani mchango wa kanisa kwa dayosisi, hudaiwa hata mwaka wa njaa. Sisemi tuyahamishe yale yote tuje tuyapande hapa. Nasema lile moja tulilolijua vizuri, yaani kwamba muumini aliyebatizwa ana kazi kanisani na haisubiri kasisi afike, hapa linahitajika leo.

Wala si fikra ngeni kwa Kanisa hili. Mwaka 1912 padri mmoja Mwingereza, Roland Allen, aliyekuwa amehudumu China, aliandika kitabu kulinganisha njia za umisheni za Mtume Paulo na za wamisheni wa siku zake. Alisema Paulo alikaa mahali kwa muda mfupi, akawakabidhi wenyeji Injili, ubatizo, Meza na wazee wao wenyewe, akaondoka. Wamisheni wa kisasa, alisema, hukaa vizazi na kuwaacha watu wakisubiri mtu wa kutumwa kutoka mbali. Maaskofu wengi hawakutaka kumsikia. Miongo kadhaa baadaye mawazo yake yaliokotwa na maaskofu wa Kiepiskopali wenye watu wachache na masafa marefu: William Gordon huko Alaska, kisha Wesley Frensdorff huko Nevada, na baada yao dayosisi ya Northern Michigan. Makanisa madogo yasiyoweza kulipa kasisi yalichagua watu wao wenyewe, wengine wakafundishwa na kuwekewa mikono palepale kijijini, na huduma ikagawanywa kwa timu.

Sasa sikieni alikoishia huyo Allen. Alizeekea Kenya, akafia Nairobi mwaka 1947, na akazikwa huko. Uzeeni alijifunza Kiswahili na kukipenda. Alifasiri Al-Inkishafi kwa Kiingereza, na tafsiri yake ya Utenzi wa Abdirrahmani na Sufiyani, wa Hemed Abdallah el Buhriy, ilichapishwa pamoja na utenzi huo mwaka 1961. Mtu ambaye mawazo yake yaliokoa makanisa madogo ya Alaska na Nevada alimaliza siku zake akisoma tenzi zetu. Tukisema neno kuhusu jambo hili, hatujidukizi.

Wamarekani nao wana historia yao wenyewe ya kuwakumbusha. Ibada ya Kianglikana ilianza Jamestown mwaka 1607, na askofu wao wa kwanza, Samuel Seabury, aliwekwa wakfu Aberdeen, Uskoti, mwaka 1784. Katikati hapo, kwa zaidi ya miaka 170, hakukuwa na askofu hata mmoja katika makoloni yale. Makasisi walikuwa haba, parishi za Virginia zilikuwa kubwa zenye makanisa ya pembeni, na mara nyingi aliyesoma sala ni muumini wa kawaida. Halmashauri zao zilipata nguvu kwa sababu hiyo. Na katika katekisimu iliyomo kwenye Kitabu cha Sala cha mwaka 1979, wanapotajwa wahudumu wa Kanisa, waumini wa kawaida ndio wa kwanza, ndipo wakafuata maaskofu, makasisi na mashemasi. Sheria za Kanisa zinamruhusu Askofu kumpa muumini leseni ya kuongoza ibada, kuhubiri, kufundisha, kushika kikombe, na kuwapelekea wagonjwa Ushirika Mtakatifu. Milango hiyo yote iko wazi, na katika makanisa yetu mawili wanaoipita wanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wengi wetu tumekaa hapa miaka, watoto wetu wamebatizwa hapa, na bado tunajiita wageni. Jembe halijaletwa? Basi tuliulize liko wapi. Nina mambo manne.

La kwanza ni daftari la waumini. Kutoa sadaka na kuimba hakukufanyi mpiga kura. Ubatizo wako uandikwe kwenye daftari la kanisa mojawapo, uwe na miaka 16 au zaidi, na uwe umeshiriki Meza ya Bwana angalau mara tatu katika mwaka uliopita. Mwenye cheti cha ubatizo au kadi ya Kipaimara kutoka nyumbani akilete. Kuwekewa mikono na askofu wa Kenya au wa Kongo kunatambuliwa hapa. Waliopoteza vyeti vitani au kambini waseme na kasisi. Karatasi ikipotea ubatizo haupotei. Na tukumbuke kura hii ina gharama iliyolipwa na wengine. Mwaka 1794 Waafrika wa Philadelphia, wakiongozwa na Absalom Jones, walifungua Kanisa la Mtakatifu Thomas. Dayosisi iliwapokea, lakini iliwanyima wajumbe katika sinodi yake hadi miaka ya 1860. Walidai kiti kwa vizazi. Sisi kiti kipo, na tunakiacha kitupu kwa sababu ya fomu.

La pili ni leseni. Wengi wetu tunafanya kazi kwenye nyumba za kutunzia wazee. Baadhi ya wazee hao ni waumini wa mtoni na kilimani ambao hawawezi tena kufika kanisani. Dada zangu, ninyi mnawaogesha, mnawalisha, mnajua nani hulia usiku. Mkiwa na leseni, Jumapili msiyo na zamu mnaweza kutoka moja kwa moja madhabahuni na kuwapelekea mkate na divai, na jina la mzee yule likarudi kwenye maombi ya makanisa yote mawili. Tuulizane pia nani kati yetu alikuwa msomaji nyumbani. Najua yupo mmoja wa Bukavu na mmoja wa Dodoma, na wote wawili hapa hukusanya vitabu vya nyimbo baada ya ibada.

La tatu linaweza kuwaudhi baadhi yenu. Kuna mpango wa kuanzisha ibada yetu ya Kiswahili saa nane mchana, chini kwenye ukumbi wa kilimani, na kamati yetu na mweka hazina wetu. Naelewa kiu hiyo. Mimi pia nikisikia Tenzi za Rohoni mwili unasisimka. Lakini tukijitenga tutakuwa kanisa dogo la tatu linalodai theluthi yake ya kasisi yuleyule. Tuombe badala yake Kiswahili kiingie ibada ya pamoja: somo moja, wimbo mmoja wakati wa Ushirika, na mara moja kwa mwezi ibada nzima kwa lugha mbili. Wenzetu wajifunze kuitika.

La nne ni viti vya halmashauri. Kila upande una nafasi zinazoachwa wazi Januari hii. Watu wetu wagombee, mtoni na kilimani kote, ili watu wanaojuana waketi katika halmashauri zote mbili.

Kwa halmashauri nasema machache, kwa heshima. Acheni kuhesabu Jumapili za kasisi. Tengenezeni kalenda moja, orodha moja ya wagonjwa, darasa moja la watoto, na mfuko mmoja kwa ajili ya mafunzo ya wahudumu. Akaunti nyingine zibaki mlivyozizoea. Vikao vya Jumanne jioni vinawakuta wengi wetu zamu. Tafuteni saa nyingine. Msituite siku ya sambusa na ngoma tu, kisha picha zetu zikapamba taarifa ya mwaka. Na kama hesabu zinaonyesha jengo moja haliwezi kudumu, lisemeni mapema na takwimu zenu mezani. Watu waliowahi kuacha nyumba wakijua wanakwenda wapi, na wengine wakiacha bila kujua, wanafahamu tofauti yake. Wapo kati yetu waliopitia yote mawili.

Kwa Baba Askofu: mafunzo ya leseni yaletwe karibu, Jumamosi au jioni, na mtu aruhusiwe kujibu kwa Kiswahili au Kifaransa. Aliyekuwa msomaji katika dayosisi ya nyumbani asianze sifuri. Na Jumapili ambazo kasisi wetu hayupo, mkumbuke kwamba tangu mwaka 2001 Kanisa hili lina ushirika kamili na Kanisa la Kiinjili la Kilutheri la Amerika. Mchungaji wao akialikwa anaweza kutuhudumia Mezani, na ndugu zetu Walutheri wa KKKT ya Tanzania walioko kati yetu watafurahi kuliko wote.

Kasisi wetu nimemwacha wa mwisho kwa sababu simdai kitu. Apumzike Jumatatu, simu azime. Atakapoona orodha ya majina ya wanaoomba leseni, achague wa kuanza nao.

Mkutano wa kilimani ni Jumapili ya tatu ya Januari, wa mtoni ni Jumapili inayofuata. Majina ya wagombea yafike kwa makatibu wiki mbili kabla. Fomu za uanachama na za kuomba mafunzo ya leseni ziko kwenye meza ya kahawa, makanisa yote mawili, na nimeandika Kiswahili chake pembeni kwa kalamu. Asiyeelewa aniulize. Anayeona haya kusimama peke yake mbele ya mkutano aje na mwenzake wasimame wawili. Mimi jina langu nimeshaliandika, na chini yake pana mistari mitupu.

Ndugu yenu katika Kristo,
Muumini wa kanisa la kilimani